Geuza Beji Utazame Mgongo Wake

Waheshimiwa wazee wetu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu wa vyama mbalimbali, pamoja na waume, wake na watoto mlioandamana nao, nawasalimu nyote, na nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya beji ya chama, kitu ambacho kwa kawaida hakizidi ukucha wa kidole gumba, lakini ambacho nimeona kikiwaliza watu wazima.

Kwa faida ya wageni wetu, na hasa wazazi waliotoka nyumbani kuja kuwatembelea watoto wao hapa Marekani, nieleze kwanza kwamba vyuo vikuu vya nchi hii vina vyama vinavyoitwa fraterniti kwa wanaume na sororiti kwa wanawake, ambavyo hujulikana kwa herufi za Kigiriki, na ambavyo mtu huingia kwa kiapo na kuhesabiwa kuwa ndugu wa wenzake mpaka siku ya kufa. Cha kwanza kuchukua herufi hizo, Phi Beta Kappa, kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika Chuo cha William & Mary, mjini Williamsburg, Virginia, na wanachama wake wa mwanzo walikuwa na medali ya fedha yenye umbo la mraba. Vilivyofuata vilichagua maumbo ya beji zao: Pi Beta Phi, kilichoanzishwa mwaka 1867 katika Chuo cha Monmouth, Illinois, kina mshale wa dhahabu, Kappa Kappa Gamma, kilichozaliwa chuoni hapohapo mwaka 1870, kina ufunguo, Delta Gamma kina nanga, na Alpha Kappa Alpha, sororiti ya kwanza ya wanawake Weusi, iliyoanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, ina jani la mmea mtambaazi lililozungushiwa lulu ishirini. Mwanachama huivaa beji yake upande wa kushoto, juu ya moyo.

Ipo habari moja ninayoipenda, kwa sababu inaeleza upesi kwa nini tunaumia tukiona beji kwenye kifua cha mtu asiyehusika. Historia ya Kappa Alpha Theta husimulia kwamba kabla ya mwaka 1870, mjini Greencastle, Indiana, wanafunzi wa fraterniti moja walitaka kumpa msichana aitwaye Bettie Locke beji yao aivae, kwa heshima tu, pasipo kumwingiza katika udugu wao. Bettie Locke akaikataa beji isiyokuwa na kiapo nyuma yake, na tarehe 27 Januari 1870 yeye na wenzake watatu wakaanzisha chama chao wenyewe, chenye beji yao wenyewe. Msichana yule alijua kwamba bila kiapo, beji ni pambo kama mapambo mengine. Huko nyuma ya beji ndiko ninakotaka twende leo, na tena nina maana ya nyuma hasa, mgongo wa dhahabu unaogusa nguo.

Beji yangu mwenyewe ilipotea miaka mitatu baada ya kuhitimu. Niliisahau kwenye koti nililolipeleka kwa dobi, na koti liliporudi, safi na limepigwa pasi, palikuwa na vitundu viwili vidogo pale ilipokuwa imebanwa. Niliuliza, nikaambiwa haikuonekana. Nikaenda polisi, na askari aliyenipokea, mtu mpole kabisa, akaniuliza swali moja tu: ina alama gani? Nikamweleza umbo lake, lulu zake na herufi za chama changu. Akayaandika yote, kisha akaniambia kwamba maelezo hayo yanazifaa beji za wanachama wote wa chama changu, na akaniomba nimpe alama inayoitofautisha yangu na ya mwenzangu. Alama hiyo ilikuwepo. Mgongoni palikuwa na herufi za mwanzo za jina langu, jina la tawi la chama chuoni kwangu na nambari yangu ya uanachama, na mimi niliyeivaa kwa zaidi ya miaka mitano sikuweza kuitaja nambari hiyo, wala sikuwa na picha hata moja ya upande wa nyuma. Haijarudi mpaka leo. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha beji yake, jambo la kwanza ninalofanya, baada ya kumwomba ruhusa, ni kuigeuza.

Mgongo wa beji ni cheti chake. Mara nyingi utakuta muhuri mdogo wa 10K au 14K, unaoonyesha kiasi cha dhahabu kwa kipimo cha karati, na kando yake alama ya sonara aliyeitengeneza. Masonara wa kazi hii walikuwa wachache kiasi kwamba alama zao hujulikana kwa wazoefu: J. F. Newman wa New York, Wright, Kay wa Detroit, Burr, Patterson wa mji huohuo, na L. G. Balfour wa Attleboro, Massachusetts, aliyeanza kazi mwaka 1913. Alama ya sonara peke yake haimtaji mwenye beji, lakini inakuwekea mpaka wa miaka. Beji yenye alama ya Balfour, kwa mfano, haiwezi kuwa ya mtu aliyehitimu mwaka 1900 isipokuwa kama alinunua nyingine baadaye. Kisha huja maandishi ya mkono: herufi za jina au jina kamili, tawi, mwaka wa kuingizwa, pengine nambari. Kwenye beji za zamani maandishi haya yamechongwa kwa kalamu ya chuma, yakatelezeshwa na miaka mingi ya kusuguana na kitambaa, na mara nyingi hayasomeki mpaka uishike beji chini ya lenzi huku ukiinamisha taa pembeni, ili kivuli kiingie ndani ya mchongo.

Ushahidi mwingine hubebwa na kile kipini kidogo cha pili ambacho huunganishwa na beji kwa mkufu mwembamba. Vijana wengi hudhani ni urembo. Kazi yake ya asili ilikuwa ulinzi: kibanio cha beji kikiachia, mkufu unaizuia isidondoke, na kwa kuwa kipini hicho kwa kawaida hubeba herufi za tawi, ndicho kinachotuambia beji ilitoka chuo gani pale ambapo mgongo hauna maandishi yoyote. Nawasihi, msivitenganishe hivi viwili. Nimeona warithi wakigawana, huyu beji, yule kipini na mkufu wake, kwa nia njema kabisa ya kila mtoto kubaki na kumbukumbu ya mama, na kwa mgawo huo beji ikapoteza kwao.

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja aliingia kwenye nyumba ambayo vyombo vya marehemu vilikuwa vinauzwa, akaona katika trei moja, kati ya vifungo vya mikono ya shati na pete zilizokatika, beji ya chama chake. Aliilipia, akaileta kwangu, tukakaa nayo chini ya taa karibu saa nzima mpaka zikatoka herufi tatu na mwaka: 1931. Herufi hizo hazikulingana na jina la marehemu mwenye nyumba, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kudhani kuwa beji iliokotwa au iliibwa. Lakini msichana anayeingizwa chamani akiwa na miaka kumi na tisa huchongewa jina la nyumbani kwao, na anayekufa akiwa na miaka themanini huzikwa kwa jina la mumewe. Tuliandikia makao makuu ya chama, wakafungua daftari la tawi lile kwa mwaka ule, wakapata jina, na kwa kufuata tangazo la ndoa wakapata jina la pili, ambalo lilikuwa lilelile la mwenye nyumba. Binti yake alikuwa hai. Alituambia kwamba aliiona beji ile kwenye picha za ujana za mama yake, akaamini miaka yote kuwa ni zawadi ya mwanamume fulani kabla ya baba, na kwa heshima hakuuliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka katika trei ya kuuzwa.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu, kwa uzoefu wangu wa miaka mingi ya kutafuta, mwizi si adui mkuu wa beji zetu. Wezi wapo: wanaingia katika vyumba vya wanafunzi, katika hoteli wakati wa mikutano, katika magari, nao huchukua kisanduku chote cha vito pasipo kujua kilichomo. Hata hivyo beji nyingi nilizozikuta sokoni zilitoka kwa warithi ambao hawakuambiwa kitu. Sisi tulioapa kutunza siri za chama tumezitunza vizuri mno, mpaka watoto wetu hawajui hata jambo lisilo siri, yaani kwamba kile kidude cha dhahabu kina wenyewe. Vyama vingi vina kanuni iliyoandikwa kwamba beji ni mali ya chama, na mwanachama ameruhusiwa kuitumia maisha yake yote. Akifa, azikwe nayo, au ipewe ndugu wa damu aliye mwanachama wa chama hichohicho, au irudishwe makao makuu. Mwanachama huisikia kanuni hii akiwa mwanafunzi. Anayehitaji kuisikia ni mtoto wake, miaka hamsini baadaye, siku ya kufungua makabati.

Kuna hatari nyingine isiyokuwa na sura ya uovu, nayo ni bei ya dhahabu. Kuanzia mwaka 1934 serikali ya Marekani iliishikilia bei hiyo kwenye dola 35 kwa aunsi, mpaka mwaka 1971 ilipoacha kuibadilisha dola kwa dhahabu. Na Januari 1980 bei ilifika dola 850. Kila bei inapopanda, masanduku hufunguliwa na vitu vilivyolala hupelekwa kuyeyushwa. Hebu tuhesabu. Beji ya gramu tatu, ya karati 10, ina gramu moja na robo tu ya dhahabu safi, kwa sababu karati 10 ni sehemu kumi kati ya ishirini na nne. Kwa gramu hiyo na robo jina la mtu linaingia motoni pamoja na tawi lake na mwaka wake, na lulu zinakwanguliwa kwa ncha ya kisu, kwa kuwa myeyushaji hana haja nazo. Beji iliyouzwa inaweza kupatikana tena hata baada ya vizazi viwili, lakini iliyoyeyushwa imekwisha. Kwa hiyo simlaumu mkusanyaji anayenunua beji zetu na kuzihifadhi kwenye kabati la kioo kama wengi wenu mnavyomlaumu. Mara nyingi yeye ndiye aliyesimama kati ya beji na moto, na wapo wakusanyaji waliotupa majina na nambari za beji walizonazo pasipo kudai chochote.

Wanasheria walio miongoni mwetu watanisahihisha nikikosea, lakini msingi unaofuatwa hapa Marekani ni kwamba mwizi hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Beji iliyoibwa ni yako hata ikipitia mikono minne, mradi uweze kuonyesha kwamba ni hiyohiyo na kwamba iliibwa. Katika majimbo mengi maduka ya rehani yanatakiwa kuandikisha vitu yanavyopokea na kuwapa polisi taarifa hizo, pamoja na kuvishikilia kwa siku kadhaa kabla ya kuviuza. Lakini utaratibu huu wote unategemea maelezo yanayolingana, na tunarudi kwenye swali la yule askari: ina alama gani? Nenda polisi siku hiyohiyo, upate nambari ya ripoti. Wajulishe makao makuu ya chama chako. Waandikie masonara na wauza vitu vya zamani wa mji huo, uwape picha ya mbele na ya nyuma. Ukiikuta inauzwa, usigombane na muuzaji wala usijaribu kuichukua mwenyewe. Piga picha, hifadhi tangazo, wape polisi.

Beji iliyouzwa na mrithi kihalali ina njia nyingine, na hapa nitasema waziwazi, kwa kuwa nimeona tukijiumiza wenyewe. Muuzaji aliyenunua sanduku la vito vya marehemu hajatenda kosa, na barua ya vitisho iliyojaa maneno ya kiapo na heshima haitamfanya aitoe bure; itamfanya apandishe bei, au akasirike aipeleke kwa myeyushaji. Barua fupi ya adabu, inayoeleza kitu hicho ni nini na kuomba bei ya haki, imenirudishia beji nyingi kuliko ghadhabu yoyote, na mara mbili wauzaji walinirudishia pasipo malipo. Vilevile nimeshuhudia katika mnada mmoja wanachama wawili wa chama kimoja, kila mmoja akiwa na nia ya kukomboa, wakipandishiana bei usiku kucha mpaka beji ya dola mia ikauzwa mia nne, na asubuhi yake wauzaji wengine watatu wakapandisha bei za beji za chama hicho. Wapo wanaosema ni afadhali tusinunue kabisa, kwa kuwa fedha zetu ndizo zinazolisha soko. Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu, na nakubali kwamba lina uzito. Maoni yangu ni kwamba tununue, lakini kwa mfuko mmoja na mkono mmoja: kila chama kiteue watu wawili au watatu, wanachama wachange kwao, na anayeona beji mahali popote awaarifu hao kabla ya kutia mkono mfukoni.

Naomba sasa mniruhusu niende mbali kidogo, kwa kuwa nusu ya ukumbi huu imezaliwa pwani. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana chama cha Gohu, udugu wa wazee wanaoingizwa kwa taratibu zake, na mwanachama wake akifariki husimamishiwa kigango, nguzo ya mti iliyochongwa kwa sura ya mtu. Silinganishi kigango na beji. Kigango kinabeba roho ya marehemu na ustawi wa nyumba nzima, na kukiondoa ni jeraha kubwa kuliko lolote nililolitaja leo. Lakini sikilizeni jinsi viwili vilivyopatikana. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 kimoja kikatambuliwa katika makusanyo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, na cha pili kikaonekana katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, chuo chenye historia ndefu ya kuwasomesha Waamerika Weusi. Cha kwanza kilirejeshwa mwaka 2006 na cha pili mwaka 2007. Mzee Kalume alikuwa amekwisha kufariki, lakini familia yake ilivipokea. Vigango vingi sana vya pwani vimechukuliwa na kusambaa katika nchi hii, na kwa vingi kati ya hivyo haijulikani vilisimama katika mji wa nani. Viwili hivi vilipata kwao kwa sababu palikuwa na picha iliyokuwa na jina la mtu na mahali. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kama wametuachia neno lingine linaloifaa kazi hii zaidi.

Kuhusu utunzaji, nitataja machache yanayosahaulika. Vibanio vya beji za zamani vingi ni kindoano kilicho wazi, kisichokuwa na kifungo, na ndivyo vinavyoziangusha. Sonara anaweza kukuwekea kibanio chenye kifungo, lakini mwambie mapema kwamba kuna lulu, opali au rangi ya kuchomwa, kwa kuwa moto wa kulehemu huviharibu vyote vitatu. Usisafishe lulu kwa amonia wala siki. Usimruhusu mtu yeyote kung'arisha mgongo wa beji. Nimeona beji iliyorudi kutoka dukani ikimeta kama jua, na jina la mwenyewe limefutika. Usiipeleke nguo kwa dobi kabla ya kupapasa upande wa kushoto. Unapovua, irudishe mahali pamoja siku zote. Katika wosia wako, au katika karatasi iliyowekwa pamoja nao, andika hii ni beji ya chama gani, na wanao waiandikie ofisi gani siku utakapoondoka. Na kwa wale wanaotaka kuzikwa nayo, mwambieni mtu ambaye atakuwepo siku hiyo, kwa kuwa mara nyingi wosia husomwa baada ya kaburi kufukiwa.

Kwenye meza ile ya nyuma, karibu na mlango, kuna lenzi tatu, taa mbili na vijana wetu wenye kamera. Kila mwanachama atapigiwa picha ya beji yake mbele na nyuma, ataandika umbo, vito, alama ya sonara, maandishi yote kama yalivyo, na jina lake la zamani kama lilibadilika, kisha atapewa nakala mbili, moja ya kwake na moja ya kutuma makao makuu. Tutaanza na mama zetu wakubwa walioingizwa kabla ya mwaka 1970, kwa kuwa michongo yao ndiyo iliyofifia zaidi na inahitaji muda. Watoto wao na wajukuu wao waliomo humu, tafadhali simameni nao mezani, muyasome maandishi hayo kwa macho yenu wakati wenyewe wapo wa kuwaeleza. Asanteni sana kwa kunisikiliza.